Ngitili na Ua la Uwandani

Sisi wa Bariadi twaijua ngitili. Mvua zianzapo, wenyewe hufunga sehemu ya malisho, ili ndama wapate majani wakati wa kiangazi. Twajizuia kwa kuwa faida twaiona. Je, ua la porini, lisilotakiwa na ng'ombe, nalo lastahili kuachwa hivyo?

Tutazame uwanda wa Kitulo, kusini mwa nchi yetu, wenye maua mengi yaitwayo okidi. Viazi vyake vimekuwa vikichimbwa na kupelekwa Zambia, kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Achumaye ua huuacha mmea hai. Achimbaye kiazi huuua. Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa. Lakini sheria hulinda hapo tu macho ya askari yafikapo, na mchimbaji huenda ana watoto wenye njaa. Sithubutu kumhukumu. Ila akivimaliza viazi vyote, mwakani atachimba nini?

Kutumia si kosa. Kosa ni kumaliza. Wazee wetu walifunga ngitili kwa mapatano yao wenyewe, kwa kuwa walikikumbuka kiangazi. Nasi tumwachie ajaye nyuma yetu mbegu, hata ya ua tusilolijua faida yake. Kwani kung'oa twaweza, kuumba hatuwezi.