Dhima ya Mwenye Kumfunga Kuku

Katika mambo ambayo watu wa pwani ya kusini huyatenda kila siku pasi na kuyahesabu kuwa ni mambo ya dini, kufuga kuku ni mojawapo. Kutoka Mikindani na Msangamkuu, kupita Msimbati, hata Kitaya na Mahurunga ambako Mto Ruvuma hujitandaza katikati ya mashamba ya mpunga kabla ya kuingia baharini kwenye mikoko, ni nadra kuukuta ua usio na mitetea wawili watatu na jogoo wao. Na mwenye ua huo, ambaye humwendea shehe kumwuliza juu ya udhu, juu ya talaka na juu ya mirathi, huenda akaishi umri wake wote asiulize hata siku moja kuku wale wana haki gani juu yake. Nadhani swali hilo lastahili kuulizwa, tena lastahili kuulizwa Mtwara kuliko mahali pengi, kwa kuwa huku jua lenyewe hulileta mlangoni kila mwaka, wakati wa tangambili, kusi ikiisha nguvu na kaskazi haijashika, joto likatuama juu ya nchi na jani la mnazi lisitikisike.

Kuku hakuumbwa na jasho. Mwili wake, ambao katika siha njema huwa na joto la nyuzi 41 hata 42, joto ambalo kwetu sisi lingekuwa homa ya hatari, huutoa moto wake kwa kilemba, kwa ndevu na kwa miguu isiyo na manyoya. Lakini hewa inapopita nyuzi 30 hivi, tegemeo lake kubwa ni pumzi. Na pumzi hupoza kwa kugeuza maji kuwa mvuke, ilhali hewa ya pwani katika miezi hiyo imekwisha kushiba mvuke wa bahari na wa mto, haina nafasi ya kupokea mwingi zaidi. Mtazame mtetea aliyefungiwa chini ya bati saa nane mchana: mdomo u wazi, ulimi umeinuka, ngozi ya koo inapwita upesi kuliko jicho liwezavyo kuhesabu, mabawa ameyatenga na mbavu ili upenyo wowote wa upepo upite, naye hanyanyuki hata ukimmwagia chenga za mchele miguuni pake. Mayai atakayotaga siku hizo yatakuwa na ganda jembamba la kupasuka mkononi, kwa sababu katika kutweta huko hupoteza kwa wingi ile hewa ya kaboni ambayo mwili wake huihitaji katika kulijenga ganda. Na joto likimzidi hufa pale pale alipolala, bila ya kelele, hata mwenyewe akidhani kwamba ugonjwa wa kideri umeingia.

Na kiumbe huyo huyo, akiachwa na hiari yake, si mjinga wa joto hata kidogo. Ikifika saa nne asubuhi huacha uwanja na kuingia chini ya mkorosho, mti ambao matawi yake huinama karibu na ardhi na kufanya kivuli kizito kuliko cha mnazi. Huko hufukua mchanga wa juu uliokwisha kupata moto mpaka akakuta tabaka baridi lenye unyevu, akalala ndani yake na kujirushia vumbi, akijipoza na papo hapo akijiondolea viroboto na utitiri. Anajua maji ya kuoshea vyombo humwagwa wapi, na upepo hupita katika uchochoro gani. Wapo hata wale ambao Mwenyezi Mungu amewapunguzia vazi, kama kishingo mwenye shingo tupu, na kidimu ambaye manyoya yake yamejipinda kwa nje. Watu huwacheka kwa sura zao, na kumbe uhaba huo wa manyoya ndio unaoupa moto njia ya kutoka. Basi mtu akimwacha kuku katika hali hiyo, penye kivuli na maji, deni lake kwa kuku ni dogo. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani hii, walimlazimisha mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha, lakini wakasema kuwa mnyama awezaye kujitosheleza malishoni yatosha kumwachilia aende, maadamu malisho na maji yapo.

Deni hubadilika siku anapofungwa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Habari hiyo husimuliwa sana misikitini, na mara nyingi husimuliwa kana kwamba kosa la mwanamke yule lilikuwa uchoyo wa chakula. Lakini sisi sote tunapita njiani tukawaona paka wenye njaa, tusiwape kitu, wala hakuna aliyesema kwamba kila mmoja wetu ataulizwa juu ya kila paka. Mwanamke yule alishitakiwa kwa mambo mawili yaliyounganishwa: alimfunga, asimpe chakula, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe wadudu wa ardhini. Uzito wote wa kisa uko katika kifungo. Kabla ya kufungwa, riziki ya paka ilikuwa mikononi mwa Muumba wake na katika makucha yake mwenyewe. Baada ya kufungwa, mwanamke alikuwa ameukata mkono ule na kuyazuia makucha yale, na kwa hiyo alikuwa amejitwika kazi ambayo hakuifanya. Nami nasema hivi ndivyo ilivyo kwa kuku: anayemfunga amewanyang'anya mkorosho, upepo na mchanga kazi yao, na kila kitu ambacho vitu hivyo vilikuwa vikimpa kuku bure, tangu saa ile kimekuwa deni shingoni mwa aliyefunga mlango.

Tena vifungo ni vingi kuliko tunavyodhani. Upo ule wa methali, kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni: amenunuliwa leo, amefungwa asubuhi upande wa magharibi wa nyumba palipo na kivuli, na mwenye nyumba ameondoka kwa nia njema kabisa, adhuhuri kivuli kimekwisha, na alasiri jua lote linamwangukia, kwa kuwa kivuli hutembea na kamba haitembei. Upo wa baiskeli, kuku kumi au zaidi wakaninginizwa vichwa chini katika usukani kutoka vijijini hadi sokoni mjini, katika barabara yenye mwanga mkali. Na kuku hana kiwambo cha nyama kinachotenga matumbo na mapafu kama tulicho nacho sisi, hivyo matumbo yake humwelemea pumzi saa ile ile ambapo pumzi ndiyo dawa yake kuu. Na upo wa banda. Huu ndio unaozidi kuenea, na sababu zake ninazijua na kuziheshimu: msimu wa korosho huwaita watu mashambani kuanzia Oktoba, nyumba zikabaki na mtoto au zikabaki tupu, wezi wa kuku wapo, mwewe yupo juu na kicheche yupo chini, na jirani hapendi mchicha wake uchakurwe. Kumlinda kuku na hatari hizo ni sehemu ya amana, wala sitamlaumu anayefunga. Ila bahati mbaya ni kwamba msimu wa korosho na msimu wa joto kali ni msimu mmoja, na banda la siku hizi, lililoezekwa kwa bati na kuzibwa pande zote kwa mbao ili mwizi asione kitu, humwokoa kuku na kicheche likamkabidhi kwa jua.

Husemwa kwamba joto ni kadari, na aliyeumba jua ndiye aliyeumba kuku. Ni kweli, lakini joto ni la Mungu na bati ni letu. Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kamba kwa kisingizio cha tawakali aliambiwa na Mtume amfunge kwanza kisha atawakali, na sioni ni kwa hoja gani amri hiyo iwe ya kulinda mali ya mtu tu na isiwe ya kumlinda mnyama na mkono wa mtu. Anayesingizia kadari kwa kifo cha kuku aliyemfungia yeye mwenyewe anamnasibishia Muumba tendo ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwake yeye mwenyewe.

Hoja nzito zaidi ni ya umaskini, nayo nisingependa kuipita haraka. Husemwa: juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida tangu enzi za mababu, wanawake wameteremka mabondeni kwa vizazi na vizazi kuchota na kupanda nayo kichwani, je, mtu huyo naye atabebeshwa kiu ya kuku? Jawabu nalipata mahali ambapo wengi hawatazamii kulipata, katika mlango wa tayamamu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj, kitabu ambacho wanazuoni wa Kishafi wamekitegemea karne nyingi, alipotaja sababu zinazomruhusu Mwislamu kuacha udhu na kupaka vumbi, aliitaja kuwa miongoni mwazo haja ya maji kwa ajili ya kiu ya kiumbe muhtaramu, hata kama kiu hiyo haijaja bali inatazamiwa. Kiumbe muhtaramu ni kila mwenye roho ambaye sheria haikuiondolea roho yake ulinzi, na kuku wa uani ni mmoja wao. Zingatia maana yake. Mtu amesimama na kata moja ya maji, wakati wa sala umeingia, sala ambayo ni nguzo ya dini. Mbele yake yuko kuku anayetweta. Sheria inamwambia: maji mpe huyo, nawe piga mikono yako juu ya mchanga, sala yako ni sahihi. Sheria iliyoitanguliza kiu ya ndege mbele ya udhu wa mja haikungoja mja awe tajiri. Imezungumza na mtu mwenye kata moja. Na kwa hakika mahitaji ya kuku si ya kumfilisi mtu, maana anywacho kuku kwa siku hakijazi kikombe kikubwa, ingawa wakati wa joto huongezeka mara mbili au zaidi.

Yuko pia asemaye kwamba kuku mwisho wake ni chunguni, basi raha yake ya nini? Lakini ruhusa ya kuchinja haikuja peke yake. Imekuja pamoja na amri ya kunoa kisu na kumstarehesha anayechinjwa, na ikiwa dakika ya mwisho ya kuku imewekewa adabu, miezi yake yote iliyotangulia haiwezi kuwa haina adabu. Izzuddin bin Abdissalam, aliyeitwa Sultani wa Maulamaa, aliyefariki Kairo mwaka 1262, aliziandika haki za wanyama juu ya binadamu: kuwalisha hata wakizeeka au wakiugua wasiweze kumnufaisha tena mwenyewe, kutowaweka pamoja na kitakachowadhuru, kuwatengenezea vizuri mahali pao pa kulala na pa kunywea, na kutowachinja watoto wao mbele ya macho yao. Zaidi ya miaka mia tano baadaye, mwaka 1789, mwanafalsafa Bentham wa Uingereza alitoa kitabu akitaka wanyama wapimwe kwa uwezo wao wa kuona maumivu na si kwa akili wala kwa usemi. Na serikali yetu ikatunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Ninafurahi kwamba sheria ipo, ila mkaguzi hataingia kila ua wa Msimbati saa nane mchana, na hapo inabaki dhamiri. Jirani zetu Wakristo wa Masasi na Ndanda nao wana hoja yao iliyo kubwa: katika Injili ya Mathayo, Yesu, alipotaka kuonyesha huruma yake kwa Yerusalemu, alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mabawa.

Kinachodaiwa ni hiki. Juu ya bati yatandikwe makuti, au bati liachwe kabisa na banda lipauliwe kwa makuti tangu mwanzo. Kuta mbili zinazoelekeana ziwe za fito zilizoachana au za wavu, upepo upite. Sakafu iinuliwe kwa nguzo, kicheche asifike na hewa ipite chini. Kuku wasisongamane, kwa kuwa kila mmoja ni jiko kwa mwenziwe. Maji yakae kivulini katika kigae cha mtungi, ambacho huyapoza kuliko sufuria, na yabadilishwe adhuhuri na si asubuhi peke yake. Chakula kitolewe alfajiri na magharibi, kwani kusaga chakula tumboni nako huzaa moto. Chanjo ya kideri ile ya tone la jichoni, ambayo hustahimili joto letu kuliko chanjo za zamani, irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne, maana kuwakusanya kuku mahali pamoja ni kuurahisishia ugonjwa safari. Aendaye shambani kwenye korosho amwachie jirani ufunguo na kata ya maji.

Na asiyeweza hayo, mafakihi wameshamhukumia. Mwenye mnyama wa kuliwa akikataa kumtimizia matunzo yake, kadhi humlazimisha kuchagua moja katika matatu: amlishe na kumnywesha, au amwuze kwa atakayemtunza, au amchinje. Kumwacha akitweta ndani ya banda lililofungwa hakumo katika hukumu hiyo.