Dakika 25 hizo ni za nani?

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja wa Kitaliani, Francesco Cirillo, alikuwa hatulii katika masomo yake. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitega, akajilazimisha asifanye jingine mpaka ilie. Utaratibu huo umeenea kwa jina la Pomodoro, yaani nyanya kwa Kitaliani: dakika 25 za kazi moja tu, 5 za kupumzika. Leo waandishi, wachoraji na hata vijana wetu wanaoandaa khutba wanautumia kwenye simu zao.

Wapo wanaosema fikra haiji kwa kengele. Hoja hii ni dhaifu. Anayeswali mara tano kwa nyakati maalumu anajua kuwa khushuu haingojewi barazani. Mtu husimama kwanza, moyo ukafuata. Anayengoja mpaka ajisikie ndipo aandike, mara nyingi huishia WhatsApp.

Swali zito ni jingine. Saa imeshategwa, mama anagonga mlango. Je, dakika zile ni zako? Wapo wanaojibu "niacheni, nina kazi" kwa sauti ambayo wasingethubutu kuitumia kwa bosi wao.

Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 597 Hijria (1201), alilikabili jambo hili bila saa ya nyanya. Katika Sayd al-Khatir anaeleza alivyosumbuliwa na wageni waliokuja kupiga soga. Kuwafukuza kungekata udugu, na kuwaendekeza kungemmalizia wakati. Basi akaziweka kando kazi zisizohitaji fikra, kama kukata karatasi, kuchonga kalamu na kufunga madaftari, akawa anazifanya wakiwa wamekaa naye. Uandishi wake ukasalimika, na mgeni hakurudishwa mlangoni.

Tazama alivyopambanua. Hakuzilinda saa zake zote, alizilinda zile za kufikiri tu. Kwa mizani hiyo, rafiki mwenye porojo anaweza kuambiwa kwa upole asubiri dakika 10. Mama hasubirishwi kwa sababu simu haijalia. Na aliyesikia adhana ya Alasiri akamalizia sentensi yake kisha akainuka, hana lawama. Tatizo ni yule anayeongeza kipindi juu ya kipindi mpaka jua linageuka jekundu.

Wanafunzi wangu huwashauri waitege saa baada ya Alfajiri. Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika mapema ya siku, na wakati huo nyumba nyingi bado zimelala.