Je, Atazamaye Hana Neno?

Kijana mmoja wa hapa Ujiji aliniuliza: katika mchezo ule wa televisheni wa Korea ya Kusini uitwao Squid Game, uliotolewa mwaka 2021, mwovu kupita wote ni nani? Hadithi yenyewe wengi waijua. Watu 456 waliozama katika madeni wapelekwa kisiwani, wachezeshwa michezo ya watoto, naye ashindwaye auawa. Kamera zawaangalia usiku na mchana. Na matajiri waliojificha nyuso kwa barakoa za dhahabu wakaa juu ya viti laini, wanywa, wacheka, na kuwekeana dau juu ya roho za watu kama juu ya farasi.

Nilijibu upesi kwamba mwovu ni mwenye mchezo. Akasema, "Lakini Mwalimu, walikuja kwa hiari yao. Tena waliachwa waende zao, kisha wengi wakarudi." Neno hili lilinisumbua. Walirudi, ni kweli. Lakini mtu aliyefungiwa milango yote ila mmoja, twaweza kusema amechagua? Arukaye ziwani kwa kuwa mtumbwi wake unawaka moto hakutaka kuoga.

Basi nikakumbuka Kagunga, mwezi wa Mei 2015. Warundi makumi ya maelfu, wakikimbia machafuko ya kwao, walijazana katika ufuko ule mwembamba: mlima nyuma, ziwa mbele, barabara hakuna. Kipindupindu kikaingia. Liemba, meli ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilitia nanga mbali na ufuko, na mitumbwi ikawapeleka watu kwake, nayo ikawaleta Kigoma. Hapo walikaa katika uwanja wa mpira kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Dunia iliyaona hayo katika televisheni. Nami niliyaona vivyo hivyo, nimeketi dukani kwa jirani na kikombe cha chai mkononi, ingawa wenyewe walikuwa mwendo wa saa chache tu kwa maji.

Sikuweka dau, wala sikucheka. Lakini nakumbuka nilisogeza kiti nipate kuona vizuri.

Sisemi kutazama ni kosa, kwani asiyeona hawezi kusaidia, na picha zile ziliwaamsha wengi. Mwenye barakoa atazama ili mateso yazidi. Mwenye huruma atazama apate kujua pa kushika. Ninayemwogopa mimi ni yule wa katikati, atazamaye mpaka chai iishe.

Kijana akaniuliza, "Nawe Mwalimu, ulikwenda uwanjani?"

Nilikwenda siku ya tatu, na blanketi moja.