Kibali Mnachomwombea Mtoto

Wanangu, mmekuja wengi, na mmekuja na ombi ambalo nimelisikia kwa sura nyingi tangu pikipiki zilipojaa hapa Njisi. Mnataka mwenyekiti wa kijiji aandike barua na kuipiga mhuri, kwamba watoto wetu wa miaka 14 na 15 waruhusiwe kuendesha pikipiki inapotokea dharura: usiku, mvua inanyesha, mgonjwa yuko ndani na mtu mzima wa kumpeleka hayupo. Mmenituma mimi nikamshawishi, kwa sababu ananiita baba mkubwa. Magoti yangu hayapendi masika na mdomo wangu umechoka kurudia maneno, lakini kaeni. Sitakwenda kwake, na mna haki ya kujua sababu.

Barua yenyewe nisiwapotezee nayo muda. Mwenyekiti hana uwezo huo, mtendaji wa kata hana, mkuu wa wilaya hana. Leseni inatolewa na TRA, baada ya mtu kufundishwa, kuchukua leseni ya kujifunzia na kujaribiwa na polisi wa usalama barabarani. Leseni ya kawaida ya udereva inaanzia miaka 18, na hakuna daraja lolote, hata la kipikipiki kidogo kabisa, linalomshukia mtoto wa miaka 14. Maombi siku hizi yanataka namba ya NIDA, nayo NIDA inampa kitambulisho aliyefikisha miaka 18. Kwa hiyo trafiki wa mpakani Kasumulu akikunjuliwa karatasi yenu ataisoma, atacheka, kisha ataendelea na kazi yake. Kampuni ya bima itaisoma pia, siku mtoto akishamgonga mtu, na yenyewe haitacheka.

Mwalimu wetu amesema Marekani vibali hivi vipo. Ni kweli vipo, sitambishia. Jimbo la Texas linaweza kumpa mtoto wa miaka 15 leseni yenye masharti, ikiwa familia imebanwa sana na maisha au ina mgonjwa nyumbani. Kansas inampa wa miaka 14 kibali cha shamba, aende kazini shambani au shuleni na kurudi. Lakini mwalimu, umetuletea nusu ya habari. Kule mtoto anapimwa macho, anafanya mtihani, anajaribiwa barabarani, mzazi anaweka sahihi. Ndipo anapewa gari la magurudumu manne katika nchi ya mashamba makubwa, ambako barabara imenyooka na jirani yuko mbali. Tena hicho cha Kansas anapewa kwa safari inayojulikana. Nyinyi mnataka kumpa wenu magurudumu mawili, bila mtihani, katika saa mbaya kuliko zote za mwaka.

Hapo ndipo moyo wangu unapokwama. Hebu tuitazame hiyo dharura ilivyo, tusiitaje tu.

Ni mwezi wa nne. Mvua ya Kyela mnaijua, haina haja ya kusimuliwa. Kutoka majaruba hadi kwenye lami ni tope, na tope letu la mfinyanzi linaishika tairi ya mbele na kuigeuza litakako. Mama ana uchungu. Anakaa katikati, nyuma yake dada yake anamshika asidondoke, mbele yuko mtoto wenu. Mishikaki, kama wasemavyo vijana. Pikipiki peke yake ina zaidi ya kilo mia moja. Waongezeni wanawake wawili wazima, halafu mtazameni aliyeshika usukani: mwenyewe hafiki kilo hamsini, na miguu ikikanyaga chini anakanyagia vidole. Hana kofia ngumu, kwa sababu iliyopo nyumbani ni moja na ameiazima mjomba. Mama anapiga kelele za uchungu, na kila kelele mtoto anaongeza mafuta. Anafika kwenye lami anaona ameokoka, anafungulia. Mbele kuna lori la mafuta la kwenda Malawi limeegeshwa pembeni, taa zimezimwa, nusu yake iko barabarani. Breki gani atashika, ya mbele au ya nyuma? Huyu alijifunza kwa kupeleka mpunga mashineni saa sita mchana, jua linawaka.

Dereva mzoefu angeshindwa usiku huo. Nimewaona wazoefu wakikataa safari ya namna hiyo, na nikawaheshimu zaidi kwa kukataa. Sasa kazi iliyomshinda mwenye miaka kumi barabarani, mnamwachia asiye na hata mmoja, eti kwa sababu ni dharura. Dharura ndiyo inayodai dereva aliyeiva kuliko wote. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba kwa mwaka mmoja watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali hizo. Sikutaja namba hizi ili muogope. Nimezitaja kwa sababu kuna mtu hapa alisema ugonjwa ndio unaotumalizia watoto, pikipiki ni msaada tu.

Lipo jambo jingine, na humu ndani wapo ambao hawatalipenda. Kibali hiki mmekivisha kanga ya mama mjamzito, lakini nakiona miguu. Kikitoka, mwezi wa kwanza kitampeleka mgonjwa. Mwezi wa pili dharura itakuwa mtoto kachelewa shule. Wa tatu, mpunga unalowa, uwahishwe mashineni. Baada ya hapo atakuwa deiwaka kijiweni, anashika pikipiki dereva mwenyewe akiwa amelala, na jioni tajiri anataka hesabu yake kamili bila kuuliza nani alikuwa anaendesha. Kisha mtu mmoja, namjua na yeye anajua namjua, atamwita pembeni amwambie kuna mzigo mdogo ng'ambo ya mto Songwe, njia ya panya, usiku, pesa nzuri. Kwa nini amwite mtoto na si mkubwa? Kwa sababu mtoto hakatai, halipwi sawa na mkubwa, na akikamatwa watu watamwonea huruma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kazi ya hatari haimhusu. Mzigo wa magendo kwenye tope la usiku nauita kazi ya hatari, hata kama umeandikiwa kibali cha kupeleka wagonjwa.

Simlaumu mama aliyezungumza hapa akilia. Kilio chake ni cha kweli. Ninaowatazama ni wale waliokaa nyuma yake wakitingisha vichwa, wenye pikipiki tatu tatu.

Baba wa huyu kijana aliyesimama mlangoni, umesema atanung'unika akinyimwa, wenzake wote wanaendesha. Anung'unike. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe umeusikia msemo huo kwa baba yako kabla hujausikia kwangu.

Sasa mtaniuliza, basi mgonjwa afie ndani? Hapana. Zamani tulibeba wagonjwa kwa machela mabegani, wanaume wanapokezana, na wengine walifia njiani. Siwaambii mrudi huko. Nasema mnaomba kitu kibaya ilhali kizuri kipo na hamkitumii. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga aliyezidiwa, kuna mpango wa m-mama. Mnapiga 115, simu haina malipo, anayepokea anauliza hali ya mgonjwa kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali, anaita dereva wa jamii aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, na dereva analipwa na mpango, si na nyinyi. Kuna dereva yeyote mwenye gari hapa kwetu aliyekwenda kujiandikisha? Mbona mmeinamisha vichwa?

Na mama akikaribia siku zake, kwa nini tunasubiri uchungu umkute hapa kwenye maji? Wote tuna ndugu Kyela mjini, karibu na hospitali ya wilaya. Msibani tunawajazia nyumba kwa siku nyingi, hatuoni aibu. Kumpeleka mjamzito akakae kwao wiki mbili ndiko tunakoona haya.

Kwa wagonjwa wengine, malaria iliyompanda mtu kichwani, nyoka, mtoto anayetapika na kuharisha, hapo 115 ya wajawazito haitawafaa, na ndipo kijiwe kinapotakiwa. Vijana wa bodaboda wenye leseni wapo. Wanalala, ndiyo, na simu wanazima. Wawekeane zamu: kila usiku wawili wasizime simu, pikipiki ina mafuta, kofia ngumu mbili zipo. Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa ameugua au amelewa, tusidanganyane. Mafuta yatoke kwenye mfuko wa kitongoji. Wakati wa mavuno ya kokoa na mpunga kila kaya iweke kidogo, kama tunavyochangia jeneza. Kwa jeneza hatujawahi kukosa pesa.

Na wewe mjukuu wangu, uliyesimama mlangoni ukijifanya husikilizi, ingia ndani. Sikukatazi pikipiki, nakukataza barabara kwa sasa. Njoo kwa fundi Jumamosi ujifunze kufungua plagi, kukaza mnyororo, kubadilisha oili, kuangalia breki zimebaki kiasi gani. Wengi kijiweni hawajui hata hilo la breki. Ukifika miaka 18 utapata namba yako ya NIDA, utakwenda VETA Mbeya usome. Nauli ya kwenda nitatoa mimi nikiwa hai, na nisipokuwa hai baba yako amesikia mbele ya watu hawa wote.

Mwenye pikipiki tatu, kuanzia leo funguo zisilale kwenye msumari wa sebuleni, ulale nazo. Wengine, kesho jioni mnikute kijiweni. Nileteeni majina ya madereva wanne wenye leseni wanaolala karibu, na leseni zenyewe nizione kwa macho yangu. Mwenye gari ambaye yuko tayari kusajiliwa aje na kadi ya gari. Mama, wewe uliyekuwa unalia, baki kidogo. Binti yako ana miezi mingapi, na shangazi yake wa Kyela mjini mmeshaongea naye?