Tafakuri ya leo: Ahadi ya kufanya kosa



Jana baada ya Tarawehe kijana mmoja alinifuata akaniuliza: "Ustadh, nikimuahidi mtu jambo, halafu nikagundua lenyewe halifai, nitimize au niache? Si tunaambiwa kuvunja ahadi ni alama ya unafiki?" Nilimjibu kwa kifupi, maana watu walikuwa wanatafuta viatu mlangoni na sote tunaujua msongamano ule. Leo nimjibu vizuri, na wewe usikilize, kwa kisa cha mbali kidogo. Ni kisa cha mpira.

Kule Marekani timu za vyuo vikuu zinajaza viwanja kuliko klabu nyingi za dunia. Kwa miaka mingi chama kinachosimamia michezo hiyo, NCAA, kilikataza mwanafunzi kulipwa kwa kucheza. Alipewa ada, chakula na malazi, basi. Chuo cha Southern Methodist, mjini Dallas, Texas, kilikuwa na timu kali sana ya mpira wa Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kumbe nyuma ya pazia kulikuwa na matajiri wapenzi wa timu, wanawapa vijana fedha ili wachague chuo hicho. Mwaka 1985 chuo kikabainika, kikaadhibiwa, kikawekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu.

Sasa sikiliza. Walikuwepo wachezaji walioshaahidiwa kulipwa kila mwezi. Wakubwa wakakaa kitako: tuwafanyeje hawa? Wakaamua waendelee kulipwa kimyakimya mpaka wamalize, ila asiongezwe mwingine. Bill Clements, aliyeongoza bodi ya chuo kisha akawa gavana wa Texas, alikiri hadharani Machi 1987 kwamba uamuzi huo aliushiriki. Hoja yao ilikuwa ileile ya kijana wangu wa jana: tumeshaahidi.

Wachezaji 13 walipokea kama dola 61,000 kwa jumla, tayari wakiwa chini ya uangalizi. Mwishoni mwa 1986 mchezaji mmoja wa zamani akasema yote kwenye televisheni. Februari 1987 NCAA ikaufuta msimu wote wa mwaka huo, na wa 1988 chuo chenyewe kikaona hakiwezi kucheza. Wachezaji wengi wakahama, wakiwemo wasiowahi kugusa senti. Timu iliporudi 1989 ilikuwa ya watoto watupu, na mechi moja wakafungwa 95 kwa 21.

Hebu tuipime ile hoja. Ni kweli kutimiza ahadi ni amri, na Sura ya al-Maida inaanza nayo. Lakini watu wale walikuwa na ahadi mbili. Moja walimpa kijana chumbani, nyingine walivipa vyuo vyote walipokubali kucheza kwa sheria moja. Ile ya pili ndiyo iliyotangulia, nayo ndiyo waliyoivunja. Huwezi kumuahidi mtu kitu kilichofungwa na ahadi uliyompa mwenzake. Tena najiuliza, walikuwa wanaogopa kuvunja ahadi, au walikuwa wanaogopa vijana wakikosa fedha watasema? Mara nyingi sisi tunauita woga wetu uaminifu.

Utaniambia: "Ustadh, sheria yenyewe ilikuwa ya dhulma. Viwanja vinajaa, makocha wananeemeka, mtoto wa maskini anayevunjwa mbavu hapati kitu." Hapo siwezi kukubishia sana. Wenyewe wameshaibadilisha: tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kuingiza kipato kwa jina lake, na 2025 vyuo vikaruhusiwa kumlipa moja kwa moja. Kwa hiyo fedha ile haikuwa najisi kwa dhati yake. Lakini mtu anayeona sheria ni dhalimu ana mdomo, na hawa walikuwa na mdomo wa gavana. Hawakuutumia kuipinga. Waliikubali mchana na kuivunja usiku, na waliodhulumika zaidi ni vyuo vilivyoingia uwanjani bila kununua mtu.

Sisemi haya kama mtu msafi. Miaka ya nyuma nilifundisha madrasa moja, na tulitaka sana kushinda mashindano ya kuhifadhi. Nikamwambia mama mmoja mjane: mlete mwanao asome kwa jina letu, tutamlipia ada ya shule mwaka mzima. Mtoto alikuwa wa madrasa nyingine, na kanuni ilikataza. Wiki moja kabla sikupata usingizi. Nikimtoa, nimemvunjia mjane ahadi. Nikimwacha, nimewaibia watoto wengine, tena kwa Qur'ani.

Nilikwenda kwa mzee wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Wewe umefunga vitu viwili kwa kamba moja. Kwani ada ina kosa gani?"

Nikaenda kwa yule mama, nikamwomba radhi, nikamwambia mtoto asome kwa madrasa yake. Ada nikailipa mwenyewe, kwa mafungu manne, na la mwisho lilichelewa. Mashindano tulitoka wa tano. Mtoto yule akatushinda.

Darsa ni baada ya Alasiri kama kawaida. Futari njema.