Moto wa Tanuri Hauwashwi kwa Haraka

Somo: Matendo ya Mitume 28:1-6

 

Mwezi huu tulitembelea nyumba za washirika. Katika nyumba moja baba alituambia wazi: "Mchungaji, hapa maombi ya jioni yamekwisha. Tangu mgao upunguzwe, tunalala mapema ili tusiisikie njaa. Moyo umelowa kama kuni za masika." Tulikaa kimya, kwa maana hata kwetu kuna jioni ambazo tumelala bila kuomba. Ndiyo sababu tunawaandikia.

Neno lile la kuni zilizolowa lilitukumbusha Mbale, tuliposoma chuo cha Biblia. Mbale iko chini ya Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, na mvua ya mlima ule haina mchezo. Chuoni kulikuwa na tanuri la mkate, la matofali na udongo, mfano wa kichuguu chenye mlango mmoja. Siku moja ya zamu yetu tulitaka kumaliza upesi. Tulijaza magogo ya mkaratusi yaliyolala mvuani, tukamwaga mafuta ya taa, tukapiga kiberiti. Mafuta yakawaka, yakaisha, ukabaki moshi. Tukaongeza tena na tena, hata moto ukapanda ghafla, na udongo uliokuwa na unyevu ukapasuka juu. Mkate uliungua nje, ndani ukabaki mbichi. Wanafunzi waliula hivyo hivyo, na sisi tukaona haya.

Mama mpishi, Mgisu, hakutugombeza. Alitusalimu, "Mulembe," yaani amani, kisha akasema: "Mwanangu, moto wa tanuri hauwashwi kwa haraka." Akatufundisha. Huanza na maganda makavu ya mahindi na magunzi, juu yake vijiti vyembamba, karibu na mlango ambapo hewa huingia. Mlango huachwa wazi. Moto mdogo hutoa unyevu katika matofali polepole. Kisha husukumwa ndani, na kuni nene huongezwa moja moja. Dari ya tanuri hugeuka nyeusi kwa masizi. Usikate tamaa hapo. Joto likizidi, masizi yenyewe huungua na matofali hutakata tena. Hiyo ndiyo alama. Ndipo makaa hutolewa, sakafu hufagiliwa kwa majani mabichi ya mgomba, mkate huingizwa na mlango hufungwa. Mkate ule hauivi kwa ndimi za moto. Huiva kwa joto lililokwisha kuingia ndani ya matofali.

Baadaye tulijua habari zake. Machi 2010 maporomoko ya ardhi yalifunika kijiji cha Nametsi, huko Bududa, si mbali na Mbale, na watu wengi walikufa. Mama yule alipoteza jamaa. Baadhi ya waliosalia walihamishiwa Kiryandongo, jirani na makao ya wakimbizi. Basi aliyefiwa ndiye aliyetuwashia moto sisi wageni.

Ndivyo ilivyokuwa Malta. Watu 276 walitoka majini hawana kitu, mvua inanyesha na baridi ni kali. Wenyeji, wasio jamaa zao wala wa imani ya Paulo, waliwawashia moto. Sasa mtazameni Paulo. Ni mfungwa, amechoka, amelowa, lakini hakukaa akingoja kuota tu. Aliinama akaokota vijiti. Hata nyoka alipotoka katika mzigo ule, alimkung'utia motoni.

Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, tuanze na kidogo. Nyumba iliyolowa haibebi mkesha. Mkesha wa ghafla huwa kama mafuta ya taa: huwaka sana, kesho ni moshi. Mstari mmoja usomwe, mtoto mmoja aombe, inatosha kwa leo. Kesho tuongeze.

Pili, tusiogope masizi. Ukimlilia Mungu kwa uchungu na maswali, hujaacha imani. Isaya 42:3 yatufundisha kwamba Mtumishi wa Bwana haui utambi unaofuka moshi. Endelea kuweka kuni.

Tatu, kila mtu alete kijiti chake. Gogo lililo peke yake huzimika. Hatusemi kwamba maombi ni chakula. Yakobo 2:15-16 yatukataza kumwaga mwenye njaa kwa maneno matupu. Kwa hiyo Jumamosi viongozi wa vikundi vya nyumbani watapita. Mwenye kikombe cha unga au maharage alete. Asiye nacho alete kuni kavu, tupike pamoja. Na kuni hizo zisiokotwe kwa ugomvi. Tumesikia watoto wetu wanapigana na watoto wa wenyeji porini. Huyo ndiye nyoka aliye ndani ya mzigo, tumkung'ute. Tuombe ruhusa kabla ya kuingia shamba la mtu, wala tusiwaite adui waliotupokea siku ya mvua.

Katika nyumba ile hatukuomba sala ndefu. Tulimwomba binti mdogo aombe. Alimwambia Mungu maneno machache: mvua isiingie kitandani, na baba asinyamaze tena. Baba akainamisha kichwa, akaitikia "Amina" kwa sauti iliyokatika. Wapendwa, hilo ndilo ganda kavu la mahindi. Moto huanzia hapo.

Bwana awachochee, kila nyumba kwa kipimo chake. Amina.

Wenu katika kazi ya Bwana,
Mchungaji