Je, Kuhudumiwa ni Aibu?

Katika mafundisho yetu tunahimizwa sana kutoa. Tunaambiwa tuwatembelee wagonjwa, tuwalishe wenye njaa, tuwafariji wafiwa, na ni haki tuambiwe hivyo. Ni mara chache tunafundishwa kukaa upande wa pili: namna ya kuwa yule mgonjwa anayetembelewa, yule mwenye njaa anayeletewa sahani. Kwa sababu hiyo, zamu ya kupokea inapotufikia, wengi wetu tunajikuta wageni kabisa. Tumejiandaa miaka yote kuwa Msamaria mwema. Hatukujiandaa kuwa yule mtu aliyelala kando ya njia, asiyeweza hata kujipandisha juu ya punda.

Basi tujiulize: je, kuhudumiwa ni aibu? Mtu asiyeweza kufanya kitu kwa ajili ya wengine amepungukiwa na heshima yake mbele za Mungu na mbele ya jumuiya? Tutalitazama swali hili kupitia jambo la kawaida linalozipata familia nyingi za parokia zetu, yaani ndugu anayerudi nyumbani baada ya kupasuliwa mguu.

Tumechagua mguu kwa makusudi. Sehemu ile ndogo kuanzia kisigino hadi ncha za vidole ina mifupa 26. Miguu yote miwili ina mifupa 52, karibu robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Tunaikumbuka mara chache, mpaka mmoja ugome. Aliyeumia mkono bado anaweza kwenda mwenyewe chooni, kisimani, dukani na kanisani. Aliyepasuliwa mguu anaambiwa asikanyage chini, pengine kwa wiki sita au zaidi, kwa sababu mfupa hauungi kwa haraka tunayoitaka sisi. Anaambiwa alale mguu ukiwa juu ya mito, maana ukining'inia unavimba na kidonda kinachelewa kupona. Mwenye kisukari anaonywa zaidi, kwani vidonda vyake vya miguu hupona polepole na huharibika upesi.

Maagizo hayo ni mepesi kuyasoma kwenye karatasi ya hospitali. Nyumbani yana maana nyingine. Choo kiko uani. Maji yako kwenye ndoo. Jiko liko chini, na mpishi huinama. Mama lishe anayesimama tangu alfajiri hana kipato siku asiposimama. Kijana wa bodaboda hawezi kukanyaga breki. Mguu mmoja ukilala, nyumba nzima inachechemea.

Nyumbani kwetu tuliliona hilo tulipomuuguza mama. Aliteleza kwenye ngazi za uani wakati wa masika, kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika, akapasuliwa na kuwekewa vyuma. Alirudi na hogo hadi chini ya goti na magongo mawili. Mama ni mwana WAWATA tangu ujana wake, na misiba mingi ya mtaani kwetu imepikiwa na mikono yake. Maumivu aliyavumilia. Lililomshinda ni kuletewa beseni. Alikuwa akijinyima maji ya kunywa jioni ili asimwamshe mtu usiku. Tulipomuuliza kwa nini, alisema hakuzaa watoto ili waje kumbebea ndoo ya choo.

Jirani mmoja, mama mwenye watoto wanne, alikuwa anakuja kila Jumatano kutufulia. Wiki ya tatu mama alimwita kitandani akamshindilia noti kiganjani. Jirani akaiweka taratibu juu ya mto, akauliza: "Mama, miaka ile yote uliyokuwa unatuletea unga, ulitaka tukulipe?" Tuliokuwa chumbani tulinyamaza. Mama naye alinyamaza kwa muda, kisha akaomba asaidiwe kukaa ili aoshwe nywele.

Swali la jirani yule lina uzito kuliko lilivyosikika. Noti ile ilionekana kuwa ukarimu, na kwa kweli mama alikuwa na nia njema. Lakini ilikuwa pia njia ya kufunga hesabu, ili mama abaki kuwa mtoaji, na jirani abaki kuwa mpokeaji kama siku zote. Tukitaka kutoa tu bila kupokea kamwe, tunajihifadhia kiti cha juu. Tunawaambia wenzetu, bila kutamka neno, kwamba upendo wetu unawafaa wao lakini wa kwao hautufai sisi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ikiwa ndivyo, basi maskini naye ana moyo wa kutoa, na anayeikataa zawadi yake anamnyima nafasi ya kuwa sawa naye.

Injili ya Yohane, sura ya 13, inatuonyesha kwamba tatizo hili ni la zamani. Bwana wetu alipovua vazi lake, akajifunga kitambaa na kuanza kuwatawadha wanafunzi miguu, aliyekataa alikuwa Petro. Kukataa kwake kulifanana na unyenyekevu. Ingewezekanaje Bwana amwoshe mtumishi? Lakini Yesu hakumsifu kwa unyenyekevu huo. Alimwambia wazi kwamba asipomwosha, hatakuwa na sehemu pamoja naye. Kila Alhamisi Kuu tunaikumbuka saa hiyo, na macho yetu humwelekea padre aliyeinama. Tuwatazame pia wale waliokaa kwenye benchi, wamevua viatu, hawajui wayapeleke wapi macho yao. Nao wako katika ibada. Agizo la kuoshana miguu haliwezi kutimizwa ikiwa kila mtu anataka kushika beseni na hakuna anayekubali kunyoosha mguu.

Mtu anaweza kuuliza: je, hatuwafundishi watu uvivu? Mtume Paulo aliwakemea Wathesalonike waliokaa bila kufanya kazi. Nasi Watanzania tumelelewa na neno kujitegemea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hoja hii ni nzito na hatuipuuzi. Lakini Paulo aliwakemea waliokataa kufanya kazi, si waliozuiwa na mwili. Na Azimio lile liliweka pamoja ujamaa na kujitegemea, kwa kuwa taifa la watu wanaojitegemea kila mtu kivyake lingekuwa soko tu. Paulo mwenyewe, katika sura ya 6 ya barua kwa Wagalatia, anawaagiza waamini wachukuliane mizigo, na mistari michache baadaye anasema kila mtu atauchukua mzigo wake. Hajipingi. Upo mzigo wa kila siku ambao ni wangu na wako, na upo mzigo ambao Mungu hakukusudia ubebwe na mtu mmoja. Hekima ni kuutambua mmoja na mwingine.

Kwa hiyo anayehudumiwa naye ana mzigo wake. Wa kwanza ni ukweli. Anayeficha maumivu, homa au harufu mbaya ya kidonda ili asiwasumbue watu huwaletea taabu kubwa zaidi, pengine hata kurudishwa chumba cha upasuaji. Wa pili ni utii: kuutunza mguu kama alivyoagizwa, kufanya mazoezi aliyopewa, kurudi kliniki siku iliyopangwa. Wapo wanaodhani imani ya kweli haihitaji daktari, lakini Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba tabibu na dawa ni kazi ya Bwana, na kwamba mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Wa tatu ni kiasi. Kitanda kisigeuke kiti cha enzi. Kuna mgonjwa anayehesabu dakika tangu alipoomba chai, na kumsemesha binti wa nyumba kama mtumwa. Kupokea vizuri ni kupokea kwa shukrani, na kumwambia anayekuuguza: leo nenda kalale.

Sisi tunaohudumu nasi tujichunguze. Msaada tunaousifu kwa jina la familia mara nyingi huangukia bega moja, na bega hilo huwa la binti au la mkamwana. Nyumba inatoa ushuhuda wa upendo kanisani, kumbe kuna msichana aliyekosa shule mwezi mzima ili amhudumie bibi. Upendo unaolipwa na mtu mmoja asiyeulizwa si upendo wa familia. Wanaume wanaweza kuteka maji, kupika uji, kufua mashuka na kumsindikiza mgonjwa hospitalini, na hakuna amri ya Mungu inayowakataza.

Hapa ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinapopata maana yake. Maaskofu wa AMECEA walipozifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji miaka ya 1970, walitaka Kanisa liwe hai pale watu wanapoishi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukimtembelea aliyepasuliwa, tukae muda mfupi, tusali kwa kifupi, na tusimsimulie habari za wale ambao miguu yao ilikatwa. Tuulize ni zamu ya nani usiku wa leo, ni nani atapeleka watoto shule, ni nani atasimama kwenye genge lake ili wateja wasipotee. Tumkumbushe paroko kumletea Komunyo Takatifu nyumbani. Na kabla ya upasuaji mzito, tusiogope kumwombea Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, maana si sakramenti ya wanaokata roho peke yao.

Je, siku hizo za kulala zina faida gani kwa mgonjwa mwenyewe? Tusimwahidi mtu kwamba kila kidonda kina baraka iliyofichwa. Mengine ni maumivu tu. Lakini yapo yaliyowahi kutokea kitandani. Mwezi Mei 1521, askari mmoja wa Hispania alivunjwa mguu wa kulia kwa mzinga katika vita vya Pamplona. Alibebwa kwa machela hadi nyumbani kwao Loyola. Mfupa uliungwa vibaya, ikabidi uvunjwe upya, kisha mfupa uliochomoza chini ya goti ukakatwa, zaidi ya miaka 300 kabla ya dawa ya usingizi kuanza kutumika hospitalini. Shemeji yake, Magdalena, alimtunza. Mgonjwa aliomba hadithi za mashujaa wa vita. Hazikuwapo nyumbani mle, akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Alisoma kwa kukosa kingine. Aliondoka pale mwaka 1522 akichechemea, na hakuacha kuchechemea maisha yake yote. Ndiye Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Tunamtaja sana yeye na Shirika la Wayesuiti lililoidhinishwa mwaka 1540. Tumtaje na Magdalena, aliyeleta chakula, vitabu na maji, na tukumbuke kwamba Inyasi hakuweza kuwa mtumishi mpaka alipokuwa kwanza mgonjwa anayetunzwa.

Maandiko yana mtu mwingine ambaye miguu yake haikupona. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliangushwa na mlezi wake alipokuwa na miaka mitano, akalemaa miguu yote miwili. Mfalme Daudi alipomwita alijilinganisha na mbwa mfu. Daudi hakumwuliza atafanya kazi gani ikulu. Alimkalisha mezani pake, ale pamoja na wana wa mfalme siku zote. Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 9, kinafunga habari hiyo kwa kurudia mambo mawili bila kuyatenganisha: alikula mezani pa mfalme, na alikuwa kiwete. Meza ile haikusubiri apone.

Huo ndio msingi wa jibu letu. Heshima yetu haikutokana na kazi za mikono na miguu yetu, kwa hiyo haiondoki mikono na miguu inaposhindwa. Sote tulibatizwa kwa kumiminiwa maji na mkono wa mwingine, hakuna aliyejibatiza. Wengi wetu tulibebwa siku hiyo, na siku ya mwisho tutabebwa tena hadi kaburini. Katikati ya siku hizo mbili tunapewa miaka ya kuwabeba wengine, na mara kwa mara Mungu anatukumbusha, kwa njia ya mguu uliovunjika au mgongo uliokataa, kwamba sisi ni viungo. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kichwa hakiwezi kuiambia miguu kuwa hakiihitaji. Mguu nao usikiambie kichwa hivyo.

Basi ndugu uliyelala na mguu juu ya mito, ukisoma haya huku watoto wa jumuiya wakifagia uwanja wako, usitafute pesa chini ya godoro. Waite kwa majina, washukuru, na uwaombee. Kama maji ya kunywa yamekwisha, waambie.